Simu ya mutunza feza: viraka vyake, kufuli yake, na wale wanaotaka kuivunja



Mara hii hatuandike juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Tunaandika juu ya simu, na mutaona sababu.

Ku mwanzo wa kampeni ya kahawa iliyopita tuliitwa haraka na koperative moja ya wale tunaofuata. Jina lake tunaliacha. Tulizani ni mashini ya kumenya kahawa imekufa tena. Tulipofika tulikuta watu wamekaa chini ya hangari, kila mutu amenyamaza. Usiku uliopita wanamemba tisa walipata ujumbe ku WhatsApp, umetoka ku namba ya mama mutunza feza: «Kamyo itafika kesho asubui. Kila mutu atume dolari makumi mbili ya transporti, tutawarudishia siku ya malipo.» Watu walituma. Asubui kamyo haikuonekana. Mama mwenyewe hakujua kitu. Tangu magaribi WhatsApp yake ilikuwa imemufungia inje, naye alizani ni mega zimekwisha.

Dolari 180 zilienda. Lakini si feza njo iliyotuumiza zaidi. Mama huyu ameshika sanduku la koperative miaka sita, na hakuna hata franka moja iliyopotea mu mikono yake. Asubui ile watu walianza kumuangalia kwa jicho la pembeni, na mumoja alisema waziwazi kwamba dawa ni kubadilisha mutunza feza.

Tuliomba simu yake tuiangalie. Miezi mitatu mbele ya hapo ilikuwa imejaa, inaenda polepole, na mama aliipeleka kwa fundi wa mu mji. Fundi akamwambia: «Mama, hii simu kiwanda kimeifunga. Nitaivunja kufuli, itakimbia sawa mupya, na nitakuwekea WhatsApp yenye inafanya mambo mingi kuliko ya kawaida.» Alilipa dolari tano, na kweli simu ilikimbia. Mu ile simu tulikuta vitu viwili. Cha kwanza, tarehe ya kiraka chake cha mwisho cha usalama ilikuwa ya mwaka wa 2019. Cha pili, programu tatu zenye mama hakuomba, na moja ilikuwa na ruhusa ya kusoma SMS zote. Ile namba ya tarakimu sita yenye WhatsApp inatuma wakati mutu anafungua konti ku simu ingine, inapita mu SMS. Mwenye kusoma SMS zako, WhatsApp yako ni yake.

Tangu siku ile, mu kila koperative tunapopita wanatuuliza maswali mawili. Ile «mise à jour» yenye simu inaomba kila mara ni ya lazima, ao ni njia ya kutukulia mega? Na huyu fundi anayevunja kufuli, ni mwizi ao ni musaidizi? La kwanza tunaweza kulijibu bila kusitasita. La pili watu wanabishana juu yake tangu 2007, na wakulima wa inchi ya mbali wameingia mu ile mabishano kwa ajili ya matrakta yao.

Tuanze na viraka. Simu inaendeshwa na maandiko, mistari mamilioni na mamilioni, yaliyoandikwa na watu. Watu wanakosea. Makosa mengi hayafanye kitu, lakini mengine ni sawa tundu mu lupango: mbuzi wako hawajaiona, lakini siku moja mbweha ataiona. Mwenye kiwanda akijua tundu iko, anaandika kiraka na kukituma ku simu. Hiyo njo «mise à jour» ya usalama.

Mu mwezi wa saba 2015, mutafiti mumoja jina lake Joshua Drake, wa kampuni Zimperium, alitangaza kwamba mu Android, ndani ya kipande chenye kinasoma video, kinachoitwa Stagefright, muko matundu. Mutu mubaya alihitaji namba yako tu. Angekutumia ujumbe wenye video iliyotengenezwa kwa hila, na ku simu zingine hata haikuhitaji wewe uifungue; simu yenyewe ilianza kuitayarisha, na mwizi ameingia. Walihesabu kwamba simu karibu milioni 950 zilikuwa na ile tundu. Google walikuwa wameshaandika viraka, lakini kiraka cha Android hakitoke kwa Google kikaanguka moja kwa moja ku simu yako. Kinapita kwa kampuni iliyotengeneza simu, na mu inchi zingine kinapita tena kwa kampuni ya mtandao. Kila mumoja anakichelewesha, na mwengine anakiacha kabisa mu meza. Kuanzia mwezi wa nane wa mwaka ule Google walianza kutangaza viraka kila mwezi, na njo maana leo simu yako iko na tarehe ya kiraka, sawa vile mufuko wa mbegu uko na tarehe ya kupimwa.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirie. Siku kiraka kinatangazwa, simu isiyopata kiraka inakuwa mu hatari kuliko mbele. Kwa nini? Sababu wezi nao wanasoma kiraka. Wanalinganisha maandiko ya zamani na ya mupya, na pale palipobadilishwa wanajua: hapa njo palikuwa tundu. Ni sawa kutangaza ku redio kwamba lupango ya fulani ilikuwa wazi upande wa muto na imezibwa. Yule jirani mwenye lupango ya namna ile ile, na hajaziba, usiku ule asilale. Kwa hiyo kusema «simu yangu imekaa miaka mitatu bila mise à jour na hakuna kilichotokea» si jibu. Kila mwezi unaopita orodha ya matundu yanayojulikana inaongezeka.

Wanamemba wengine wanakataa kwa sababu «mise à jour inaua simu». Hatutawacheka. Mu mwezi wa kumi na mbili 2017 Apple, wenye kutengeneza iPhone, walikubali mbele ya watu wote kwamba programu yao ilikuwa inapunguza mbio za iPhone zenye batri iliyozeeka. Walisema ni ili simu zisizimike zenyewe kwa rafla, na jambo lile lina ukweli ndani yake, lakini hawakuwa wamewaeleza wenye simu vizuri. Walipunguza bei ya batri mupya kutoka dolari 79 hadi 29, na mu 2020 walikubali kulipa hadi dolari milioni 500 ili kesi imalizike. Kwa hiyo mashaka ya watu ilikuwa na muzizi.

Lakini tutofautishe vitu viwili. Kuna kubadilisha Android yote, toka namba moja kwenda namba ingine: hiyo ni nzito, inaweza kupita giga moja, na ku simu ndogo ya zamani inaweza kweli kuilemea. Na kuna kiraka cha usalama peke yake: mara nyingi ni mega makumi ao mamia kidogo, hakibadilishe sura ya simu, hakiongeze kitu chenye macho inaona. Simu inaandika ukubwa wake mbele ya kukuomba ukubali. Kama ni kiraka cha usalama, ukubali. Kama ni Android mupya na simu yako imezeeka, uliza kwanza.

Tuje ku kufuli.

Mu mwezi wa sita 2007 iPhone ya kwanza iliuzwa Marekani. Ilifungwa ku kampuni moja tu ya mtandao, na mutu wa inje hakuweza kuweka programu yake ndani. Wewe umelipa dolari 499 ao 599, lakini kiwanda njo kinachosema nini itaingia mu simu yako. Mbele mwezi wa nane uishe, kijana wa miaka 17, George Hotz, alionyesha iPhone yake ikifanya kazi ku mtandao mwengine. Na wengine wakatafuta njia ya kuingiza programu zao wenyewe. Wamarekani waliita kazi hii «jailbreak», ni kusema kuvunja jela. Ku Android jambo lile lile wanaliita «root», muzizi, sababu mwenye kulifanya anafika mupaka ku muzizi wa simu, mahali ambapo anaweza kubadilisha kila kitu. Mafundi wetu wanachanganya mambo yote mu neno moja, «kudebloka», lakini si jambo moja. Kufungua simu ili ipokee SIM ya mtandao mwengine hakugusi muzizi wake, na hakuondoe viraka. Kuvunja kufuli ya ndani kunagusa muzizi.

Na sasa maneno yenye kushangaza. Ili kuvunja kufuli ya iPhone, lazima kwanza kuwe na tundu. Wavunjaji na wezi wanatafuta kitu kile kile. Ku tarehe 1 ya mwezi wa nane 2010 kulitoka njia ya kuvunja iPhone kwa kufungua tu ukurasa wa intaneti, unateleza kidole, kwisha. Watu walifurahi sana. Lakini kama ukurasa unaweza kuivunja simu yako kwa kukufurahisha, ukurasa mwengine unaweza kuivunja kwa kukuibia. Apple waliziba tundu ile kisha siku kumi. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba 2011, kijana yule yule wa Marekani, Nicholas Allegra, alitoa njia ingine, ya kupitia tundu mu usomaji wa faili za PDF. Mara hii alitoa pia kiraka. Apple walikawia siku tisa kutoa chao. Siku zile tisa, watu wenye simu iliyovunjwa waliweza kuweka kiraka cha kijana na kulala; wale waliotii kiwanda walibaki na tundu wazi. Kisha Apple wenyewe walimupokea yule kijana kwa kazi ya muda.

Kwa hiyo wale wanaosema «kuvunja kufuli siku zote ni hatari kuliko kuacha» hawaseme ukweli wote. Lakini ni siku tisa tu. Tukiangalia miaka yote, upande mwengine wa mizani ni mzito.

Mwezi wa kumi na moja 2009, kwa mufano, muko Australia kijana alitengeneza mududu wa programu, jina lake Ikee. Uliingia mu iPhone zilizovunjwa peke yake, tena zile ambazo wenyewe waliweka mulango wa kuingilia kwa mbali bila kubadilisha neno la siri la kiwanda, «alpine». Neno lile lilikuwa moja ku simu zote. Mududu ulibadilisha tu picha ya mbele, ukaweka sura ya mwimbaji Rick Astley, ilikuwa mchezo. Mwezi ule ule ulitoka mwengine wa namna hiyo ambao haukucheza: ulilenga wateja wa benki moja muko Uholanzi ili uwaibie. Na mu 2015 watafiti waligundua kwamba konti za Apple zaidi ya 225 000 ziliibiwa ku iPhone zilizovunjwa, nyingi za China, kwa programu ziliyofichwa ndani ya zawadi za bure. «WhatsApp yenye inafanya mambo mingi kuliko ya kawaida», mama yetu aliipokea kwa njia ile ile.

Kuna kitu kimoja tena, ili musizani simu isiyovunjwa ni mlima usiopandwa. Mwezi wa nane 2016, mutetezi wa haki za watu muko Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alitumiwa SMS mbili zenye kiungo cha kubonyeza. Hakubonyeza. Aliwapelekea watafiti wa Citizen Lab, Canada, nao pamoja na kampuni Lookout walikuta kwamba kiungo kile kingevunja kufuli ya iPhone yake kwa mbali, bila yeye kuona, na kuweka programu ya upelelezi inayoitwa Pegasus. Apple walitoa kiraka tarehe 25 ya mwezi ule. Basi, ukikataa viraka, kufuli yako inaweza kuvunjwa hata kama hujaenda kwa fundi.

Mabishano ilifika mupaka mbele ya sheria. Marekani wako na sheria ya 1998 inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali zinazolinda kazi za waandishi, na programu ya simu inahesabiwa ni kazi ya mwandishi. Apple walisema kuvunja kufuli ni kinyume cha ile sheria. Waliongeza hata kwamba simu zilizovunjwa zinaweza kutumiwa kuangusha antena za mtandao. Upande wa pili ulisema: simu ni mali ya aliyeinunua. Mwezi wa saba 2010 serikali ilitoa ruhusa: mwenye simu anaweza kuvunja kufuli yake ili aweke programu halali. Ruhusa ile inajadiliwa upya kila miaka mitatu, na mupaka leo imebaki.

Hapa njo wakulima waliingia. Trakta za kisasa za Marekani ziko na kompyuta ndani. Ukibadilisha kipande fulani, trakta inaweza kukataa kufanya kazi mupaka fundi wa kampuni akuje na kompyuta yake aiambie «kipande hiki ni halali». Fikirini: ngano imeiva, mvua iko inakuja, trakta iko nzima lakini inangojea ruhusa. Wakulima wengine walifikia kutafuta programu za kuvunja kufuli zilizotoka Ukraine. Mu 2015 ruhusa ile ya simu ilipanuliwa, magari na matrakta ya mu shamba yakaingizwa, ingawa kampuni John Deere ilipinga, ikisema ni hatari kwa usalama na kwa moshi wa moto-injini. Mu 2022, muko Las Vegas, mutafiti anayejiita Sick Codes alivunja kufuli ya skrini ya trakta ya John Deere mbele ya watu, na ili kuonyesha kwamba amefika ku muzizi, alicheza mchezo wa vita wa Doom ku ile skrini. Mwaka wa 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria inayolazimisha viwanda kuwapa wakulima vyombo na maelezo ya kutengeneza mashini zao. Mu mwezi wa kwanza 2025 serikali ya Marekani ilipeleka John Deere mahakamani juu ya jambo hilo hilo.

Sisi ni ma-agronome. Moyo wetu uko upande wa yule mukulima mwenye trakta. Mutu anunue jembe, kisha ahitaji barua ya muhunzi ili alinoe? Hapana. Hata ku simu tunasema haki ya mwenye mali ni haki ya kweli. Kuna watu wenye ujuzi wanaoitumia kwa faida: kiwanda kikiacha simu, wao wanaiondolea programu ya zamani na kuweka ingine, sawa LineageOS, ambayo inatengenezwa na watu wa kujitolea mu inchi nyingi na inapata viraka wakati kiwanda kimeshasahau. Huyo amevunja kufuli ili apate viraka. Fundi wa mama yetu alivunja kufuli, na viraka akaviacha. Vitendo viwili vyenye jina moja. (Na ujue hata ile njia nzuri iko na bei: programu nyingi za benki zikitambua kwamba kufuli imevunjwa zinakataa kufunguka, na simu nyingi za bei ndogo zinazouzwa ku masoko yetu haziko mu orodha ya LineageOS.)

Lakini simu ya mutunza feza si mali ya mutu mumoja, na hapo njo tunatengana na wavunjaji. Ndani yake muko namba za simu za wanamemba wote, kilo za kila mutu, malipo ya M-Pesa ao Airtel Money. Kwa wale wa kahawa na kakao muko pia alama za GPS za mashamba, sababu kanuni ya Ulaya ya 2023 juu ya ukataji wa pori inaomba kujua mahali kila shamba liko. Wewe ukivunja kufuli ya simu yako ya kusikiliza muziki, hasara ni yako. Ukivunja ile ya koperative, umefungua lupango ya watu mia mbili ambao hukuwauliza. Kwa simu ya feza jibu letu ni moja: isivunjwe, na iwe na kiraka cha karibuni.

Namna ya kuangalia ni rahisi. Simu zetu nyingi ziko mu Kifaransa: fungueni «Paramètres», muende mupaka chini ku «À propos du téléphone», mubonyeze «Version d'Android». Pale muko mustari unaosema «correctif de sécurité» ao «mise à jour de sécurité», na tarehe. Tarehe ikiwa ya miezi mitatu iliyopita, ni vizuri. Ikiwa ya mwaka, rudini ku «Paramètres», mutafute «Mise à jour», muombe simu iangalie. Simu ikijibu kwamba iko sawa, na tarehe ni ya zamani, ni kusema kiwanda kimeiacha. Hata muombe mara kumi, kiraka hakitakuja.

Kwa mega: siku ya Jumatano biro yetu iko wazi, na Wi-Fi iko kwa kazi hii. Kuja na batri iliyojaa zaidi ya nusu, sababu simu ikizimika katikati ya kazi inaweza kuharibika. Na mbele ya yote muandike hesabu za kilo mu daftari la karatasi. Tunajua muko na daftari. Tunajua pia kwamba tangu simu ilikuja, daftari imebaki ku mwezi wa pili.

Kwa WhatsApp kuna kufuli ingine, bure kabisa, na kama mama yetu angekuwa nayo, wale tisa hawangepoteza feza. Ndani ya WhatsApp, mu «Paramètres», mu «Compte», muko «Vérification en deux étapes». Unaweka namba yako ya siri ya tarakimu sita. Kutoka hapo, hata mwizi akisoma SMS yako, bado anakosa ile namba. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Na usiiandike nyuma ya simu; tumeiona nyuma ya simu mara mbili.

Wakati wa kununua, uliza muuzaji swali moja: kiraka cha mwisho cha hii simu ni cha tarehe gani? Wengi hawajui, fungua mwenyewe uangalie mbele ya kutoa feza. Tofauti ni kubwa. iPhone 5s ilitoka 2013, na mu mwezi wa kwanza 2023 ilikuwa ingali inapata kiraka. Simu nyingi za bei ndogo zinapata miaka miwili, zingine hakuna hata kimoja tangu ziliuzwa. Tangu tarehe 20 mwezi wa sita 2025, Ulaya inalazimisha viwanda kutoa viraka kwa miaka isiyopungua mitano kisha kuacha kuuza simu ya namna fulani. Simu zile zitakapoanza kufika kwetu ku occasion, zitakuwa na maisha marefu kuliko hizi za sasa.

Mwenye simu iliyoachwa asiitupe. Ibaki ya redio, ya picha, ya kupima mashamba, lakini feza na SMS za feza zitoke mu hiyo simu. Kwa kutuma na kupokea feza, kale kasimu kadogo ka batoni bado ni kazuri sana: mara nyingi hakapokee programu za inje, basi mwizi anakosa mahali pa kuziweka.

Koperative ile walinunua kasimu kadogo, wakahamisha SIM ya malipo ndani. Kamati ilikaa mara mbili, ikakubali kwamba dolari 180 zirudishwe kutoka mu sanduku kwa mafungu matatu, na mama akabaki ku kazi yake. Yule aliyesema abadilishwe alikuwa wa kwanza kuinua mukono. Tulienda pia kumuona fundi. Ni kijana, alijifunza kazi peke yake kwa kuangalia wengine, na alitetemeka tulipomuonyesha ile programu ya kusoma SMS. Aliipata ku faili yenye mwenzake alimupatia. Alirudisha programu ya kiwanda mu simu bila kuomba franka. Tarehe ya kiraka ni ile ile ya 2019, sababu kiwanda hakikutoa kingine, na simu sasa inapiga tu picha za majani ya kahawa yenye kutu, ambazo mama anatuonyesha kila Jumatano.